Kamba Fupi ya Bi Zuhura

Naikumbuka asubuhi moja, mwanangu Lusajo, niliyobaki peke yangu juu ya mashua ya matanga katika Ziwa Nyasa, nikiwa na kazi moja tu, nayo ilikuwa kukaa. Kazi hiyo ilinishinda. Nitakueleza jinsi ilivyonishinda, lakini kwanza nipe hiyo simu. Ilete hapa, naiweka mfukoni mwa koti langu, haitaliwa na mtu. Wewe shika kisu umenye ndizi za bibi yako. Tangu ulipofika juzi kutoka Mbeya nakuona ukipanda kile kichuguu nyuma ya zizi kutafuta mtandao, mvua inakunyeshea, kisha unashuka na uso wa mtu aliyetoka mazikoni. Jana nilipokuuliza kuna nini, ukanijibu, "Babu, yule msichana ameona ujumbe lakini hajajibu." Sikulala vizuri kwa ajili ya jibu hilo. Usidhani ni huruma. Nilikuwa najiona mwenyewe.

Maana mimi ndiye niliyekurithisha huo mguu usiotulia. Tazama, nimekaa na bado unatikisika wenyewe. Mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa kabla mkunga hajafika, na tangu siku hiyo sijawahi kumsubiri mtu.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nikijifunza useremala kwa Mzee Shabani hapa Tukuyu mjini. Babu yake alikuja huku kutoka pwani, lakini yeye mwenyewe alizaliwa hapahapa, akakua kwa ndizi kama sisi, na Kinyakyusa chake kilikuwa safi kuliko cha baadhi ya wajomba zangu. Bahari hakuwahi kuiona. Alisimuliwa tu, tangu utoto, habari za vyombo na matanga, na masimulizi hayo hayakumtoka. Basi akaanza kuunda mashua nyuma ya duka lake, katikati ya migomba, mahali ambapo maji pekee ni yale yanayotoka mawinguni. Watu walimcheka sana. Walimwuliza kama ameambiwa siku ya gharika. Mchana aliunda vitanda, milango na majeneza, jioni akarudi kwenye mashua yake, na mkewe Bi Zuhura akamshikia taa. Ilimchukua miaka kumi na moja.

Walikuwa wamekubaliana kwamba ikiisha watakwenda wote wawili, waifuate pwani ya ziwa kutoka Matema mpaka Mbamba Bay na kurudi, bila biashara yoyote, kutazama tu. Bi Zuhura akafariki mlingoti haujasimikwa. Mzee akaandika jina la mkewe kwenye ubao wa mbele kwa mkono wake mwenyewe, akaipakia mashua kwenye lori, akaiteremsha mpaka Matema, na akaniomba mimi niende naye. Dukani mwake ni mimi tu niliyekuwa sina mke wala mtoto. Nilikubali kabla hajamaliza kuuliza. Mimi sikuwahi kuogopa kuondoka, shida yangu ilikuwa kubaki.

Lakini nilikuwa na mchumba. Aliitwa Sekela, binti wa Masoko. Ng'ombe walikwisha kwenda kwa baba yake, na harusi ilikuwa inanisubiri nirudi. Wiki moja kabla ya safari, rafiki yangu mmoja, Mungu amsamehe, akaninong'oneza kwamba dereva wa lori la chai amezoea kusimama kwao Sekela kuomba maji ya kunywa. Sasa, Lusajo, Masoko kuna ziwa zima. Nikawa najiuliza huyo dereva ana kiu gani isiyokata mpaka apate kikombe cha nyumba ile. Na hilo ndilo nililopakia kwenye mashua pamoja na unga na mafuta ya taa.

Maisha ya mashuani usiyafikirie kama picha ya kalenda. Chumba chake kilikuwa na vitanda viwili vyembamba, na ndani yake huwezi kusimama wima. Mwezi wa kwanza nilijigonga kichwa kila nilipoamka. Kukipambazuka unachota kwa kopo maji yaliyovuja, unaanika mablanketi juu ya mti wa tanga, unawasha jiko la mafuta ya taa huku ukiomba usiunguze tanga lenyewe. Tulikula wali wa Kyela mpaka ukaisha, kisha ugali na usipa, wale dagaa wa ziwani, kisha ugali na usipa tena. Masufuria tuliyasugua kwa mchanga. Nguo zetu hazikukauka vizuri hata siku moja. Mchana tulikwenda polepole tukiifuata pwani, milima ya Ukinga imesimama upande wetu wa kushoto imeingia mpaka majini, na pale tulipoona ufukwe tulitia nanga, tukashuka kwa mtumbwi mdogo tuliokuwa tunaukokota nyuma, tukawasalimu wazee wa kijiji, tukanunua samaki.

Mzee Shabani alikuwa kama mtu aliyefunguliwa. Kwenye vijiji vya Wakisi alikaa na akina mama wanaofinyanga vyungu, akiwauliza udongo wanautoa wapi na kwa nini chungu hiki kimepasuka na kile hakikupasuka. Saa nzima. Mimi nikitazama jua. Siku moja wingu la inzi wa ziwani lilitupitia, wakajaa kwenye chai, kwenye nywele, kwenye unga. Mzee akacheka mpaka machozi, mimi nikaona ni ishara kwamba turudi nyumbani. Tukiwa safarini nilitamani tufike, tukifika nilitamani tuondoke, na popote tulipokuwa, moyo wangu ulikuwa Masoko unahesabu malori.

Basi nikawa naandika barua. Meli ya abiria ilipita pwani ile mara moja kwa wiki, ikipenda, na kila tulipoikuta bandarini nilimkabidhi baharia barua ya Sekela. Ya kwanza ilikuwa nzuri, ina salamu na habari za vyungu. Ya pili ilikuwa na salamu chache. Ya tatu ilikuwa maswali matupu: Jumapili ulirudi kanisani na nani, gauni lile la njano ulilivaa siku gani, lori bado linasimama? Ya nne naona haya kukusimulia. Majibu nisingeweza kuyapata, maana leo tupo hapa na kesho hatupo, na hilo nililijua. Lakini mtu mwenye wasiwasi haandiki ili ajibiwe. Mzee aliniona nimeinama juu ya karatasi, akasema neno moja tu, tena kwa upole. "Unamwandikia, au unamhoji?" Nikamwambia namwandikia.

Tulipogeuza kurudi kaskazini, upepo wa mwera ulikuwa umechachamaa. Unatoka kusini, unakuja na mawimbi makubwa, na hata ukikusukuma uendako, wenye akili hawasafiri nao. Mzee akatuingiza kwenye ghuba ndogo nyuma ya rasi yenye mawe, akatia nanga, akasema tutakaa mpaka upungue. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, mwera unavuma tu. Nilizunguka juu ya mashua ile kama kuku anayetaka kutaga. Nikamwambia mzee mimi nina harusi. Akanijibu kwamba harusi inahitaji bwana harusi aliye hai.

Kilichonisumbua zaidi ni ile kamba ya nanga. Mzee aliiachia ndefu, ndefu kupita kiasi machoni pangu. Imelegea majini, na mashua inakwenda huku, inarudi kule, inafanya itakavyo. Na wewe umekulia Rungwe, unajua ng'ombe tunavyomfunga. Shamba la jirani liko hatua tatu, mahindi hapa, migomba pale, chai kule. Ukimwachia ng'ombe kamba ndefu, jioni unaitwa kwa mwenyekiti wa kijiji kueleza. Tangu utoto mimi ndiye niliyefunga ng'ombe wa baba, nikasifiwa kwamba ng'ombe wangu hawajawahi kula jani la mtu. Kamba iliyolegea kwangu ilikuwa aibu. Sikuweza kuitazama.

Asubuhi ya siku ya nne Mzee Shabani aliingia kwenye mtumbwi kwenda kijijini kutafuta samaki. Kabla hajaondoka akaniambia, "Leo kazi yako ni kukaa. Usiguse kitu." Nikaitikia vizuri kabisa.

Hakuwa amefika ufukweni nilipokwenda mbele nikaishika ile kamba. Nilitaka kujua tu kama nanga imeshika. Nikavuta kidogo, haikunipa jibu, imelegea tu. Nikavuta tena na tena, mpaka kamba ikasimama wima chini ya mashua, na hapo nikaisikia nanga kule chini, nzito, imara. Moyo wangu ukatulia, mwanangu. Ukatulia kwelikweli, kwa muda wa kunywa kikombe cha chai. Nikaona kwa nini niirudishie kamba ilegee tena, nikaifunga papo hapo, fupi, kwa fundo lile lile la ng'ombe wa baba. Mashua ikaacha kuzurura. Nikajipongeza.

Kisha likazunguka rasi wimbi moja kubwa kuliko wenzake. Likainyanyua mashua, kamba ikakaza, na nanga ikatoka chini kama gimbi linavyotoka kwenye udongo wa masika. Nilihisi miguuni kwamba sasa hatushikiliwi na kitu. Mwera ukatusukuma upande wa pili wa ghuba kwenye mawe. Nikarusha kamba yote iliyobaki, ikajiviringa. Nikakimbilia tanga, nikakimbilia usukani, nikarudi kwenye kamba. Hakuna nilichokamilisha. Mashua ikagonga mara ya kwanza, usukani ukavunjika. Ikagonga mara ya pili, na ule ubao wa mbele wenye jina la Bi Zuhura ukapasuka, maji yakaanza kuingia.

Mzee na wavuvi watatu walikuja kwa mitumbwi wakipiga makasia kwa nguvu zao zote, wakatukokota mpaka kwenye mchanga. Wavuvi wakafanya kazi yao bila kunitazama, na huo ulikuwa wema wao.  Mzee Shabani alikwenda akaweka kiganja chake kwenye lile jina lililopasuka, akakaa hivyo muda mrefu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema. Mimi nilivunja la mtu mwingine, na la mtu asiyekuwepo tena kulitibu.

Baadaye ndipo alipoifuata kamba, akaliona fundo, akalijua.

"Uliifunga kama ng'ombe," akasema.

"Ndiyo, mzee. Nilitaka kuhakikisha imeshika."

"Ilikuwa imeshika, Asajile. Siku tatu zote ilikuwa imeshika, bila kukuomba ruhusa." Akaiviringisha kamba mkononi taratibu. "Nanga hushika ikiwa imelala. Na hailali mpaka uiachie kamba. Ukiivuta ili uione, umeshaing'oa wewe mwenyewe."

Hakunigombeza zaidi ya hapo, wala hakulirudia jambo lile mpaka anaingia kaburini. Tulikaa kijijini pale wiki tatu, tukiunga mbao kwa vipande vya mtumbwi mkuukuu tuliopewa na wavuvi, tukichonga usukani mpya kwa zana mbovu. Fikiria hesabu yangu: mwera ulitulia kesho yake. Ningekaa siku moja tu. Na tulipoanza safari tena, mzee akanipa adhabu ambayo sikuitambua kuwa adhabu. Kila jioni mimi ndiye niliyetia nanga, nikaachia kamba yote ndefu, kisha ananiamuru niingie nilale. Usiku wa kwanza sikufumba jicho. Wa pili vilevile. Tulipofika Matema nilikuwa nalala kidogo.

Matema, mwenye duka aliyekuwa akitupokelea barua akanipa bahasha moja. Mwandiko wa Sekela. Nilikuwa nimemwandikia barua nne, yeye aliniandikia moja, na mpaka leo naikumbuka kwa moyo. "Barua zako nimezipata zote. Sijakwenda popote, wala sikuwa na nia ya kwenda. Dereva unayemuuliza ni mtoto wa shangazi yangu, ungeuliza mara moja ungejibiwa mara moja. Lakini nimechoka kuulizwa. Ukirudi usije kwetu. Nikitaka kukuona nitakuja mwenyewe."

Nilikaa juu ya gunia la mchele pale dukani. Mzee Shabani akasoma uso wangu, akanunua chai mbili, tukanywa. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimeng'oa nanga mbili kwa mkono mmoja.

Nikarudi Tukuyu. Mjomba wangu akataka twende Masoko tukadai ng'ombe au mke, kimoja kati ya viwili. Marafiki wakanishauri nipite tu, kama kwa bahati, nikaone. Nikakataa. Usinisifu, nilikataa huku nikiuma meno. Ilikuja mvua ya kwetu hii isiyojua kuchoka, miezi ikapita, na mimi nikawa napiga randa mbao mpaka mzee akanikumbusha kwamba mteja ameagiza meza, hakuagiza karatasi. Kila aliyepita na mwavuli nilidhani ni yeye. Sikuandika barua. Sikutuma mtu. Niliachia kamba, mwanangu, nikalala juu ya wasiwasi wangu kama mtu anavyolala kwenye kitanda chenye kunguni.

Siku moja asubuhi, mvua imepumzika kidogo, nikamwona anaingia uani kwetu, amebeba mkungu wa ndizi mbichi kichwani. Akamsalimu mama yangu kwa heshima zote, akasema shimo la kuvundikia la kwao limejaa maji, anaomba avundike ndizi zake kwetu, kwenye lile shimo kavu chini ya paa la zizi. Wakazipanga yeye na mama, wakazifunika kwa majani, wakafukia vizuri. Mimi nimesimama pale na randa mkononi kama sanamu. Alipomaliza akanitazama kwa mara ya kwanza. "Siku sita," akasema. "Usifunue." Akaenda zake.

Unajua mwenyewe, ndizi zilizovundikwa ukizifunua kabla ya siku zake zinadumaa, haziivi tena, zinabaki ngumu na chungu. Mvumilivu hula mbivu, tunawaambia watoto, lakini hakuna aliyewahi kuniambia mvumilivu huyo anajisikiaje. Nilizunguka lile shimo siku sita kama paka. Siku ya sita nikaoga, nikavaa shati. Hakuja. Siku ya saba hakuja. Harufu ilikuwa imeshatoka, tamu, mpaka nyuki wamefika, na mama ananiambia fungua wewe, zitaharibika. Nikamwambia sifunui. Siku ya nane hakuja asubuhi. Alikuja mchana, amejifunga kanga ya pili kwa baridi, anatembea polepole.

Akafukua mwenyewe. Nusu ya ndizi zilikuwa zimeshakuwa nyeusi, ukizishika zinakutiririkia.

"Zimepitiliza," akasema. "Kwa nini hukufunua?"

"Uliniambia nisifunue."

Akanitazama, akazitazama ndizi, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini kwenye majani makavu, na mimi nikakaa, tukala ndizi zilizopitiliza pale pale, mikono inanata. Hatukuzungumza habari za barua. Mwezi uliofuata tukafunga ndoa, na Mzee Shabani ndiye aliyetuundia kile kitanda alichozaliwa juu yake baba yako.

Miaka mingi baadaye, tumeshakuwa na watoto watatu, nikamwuliza kama zile ndizi zilikuwa mtihani wake kwangu. Akaniambia zilikuwa ndizi tu, na siku mbili zile alikuwa na homa. Kisha akanitazama sana, akasema, "Bado unavuta kamba." Ndiye huyo bibi yako unayemmenyea, uliza mwenyewe.

Kwa hiyo nasaha yangu ni hii, na naisema wazi ili usije ukasema hukuielewa. Wasiwasi haumalizwi kwa kuhakikisha. Unahakikisha leo, moyo unatulia muda wa kikombe cha chai, kesho unataka kuhakikisha tena, na kila ukivuta unapunguza kile kinachokushikilia. Mpe mwenzako kamba. Uliza jambo mara moja, kwa maneno mazuri, kisha nyamaza, ufanye kazi yako, ule, ulale. Kama nanga imeshika, imeshika bila jicho lako. Na kama haikushika, kuivuta hakukuokoi, kunakuwahisha tu kwenye mawe. Majuto ni mjukuu, wanasema, na mimi mjukuu ninaye huyu hapa, sitaki awe na majuto mengine.

Sasa nikuungamie. Simu yako imetetemeka mfukoni mwangu mara mbili tangu nilipoanza kusimulia. Sikukwambia, na wewe umemenya ndizi zote za bibi yako bila kujikata hata kidole. Yaliyoandikwa humo yatakungoja mpaka umalize kula. Kaa. Kyala, Mungu wetu, akupe moyo mpana, mwanangu, akupe mwenza atakayekujia kwa miguu yake mwenyewe, na usiku ukiingia akujalie kulala. Haya, pelekea bibi hizo ndizi, maji yameshachemka.